Kamera Katika Magofu ya Kaole

Iwapo Jumapili moja utapata nafasi, pamoja na nauli ya kuwatosha jamaa zako, usiimalize siku kutwa nyumbani. Shika njia ya Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, kisha uulize njia iendayo Kaole, kijiji kilichoko kilometa 5 hivi kusini ya mji huo. Huko utayakuta magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo 20, yote yakiwa yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti ulio mkongwe zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu, na humo yalipachikwa mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka China. Mwaka 1958 Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, alifanya uchimbuzi mahali hapa.

Yamkini hutakuwa peke yako. Wanafunzi hupelekwa Kaole wajifunze historia pale pale ilipotendeka, na siku hizi huja na kamera za video. Zamani chombo hicho kilikuwa mzigo wa kubebwa begani, tena cha watu wachache. Leo kimo ndani ya simu ya mkononi. Hiyo ni neema, lakini neema nayo hutaka kutunzwa. Mtazame kijana mmoja: mwongozaji hajamaliza salamu, yeye keshainua simu, keshaizungusha kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mbuyu, na keshajirekodi mwenyewe akicheka. Kwa dakika tatu amekusanya kila kitu, wala hakuona kitu.

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kamera inalo. Huonyesha kile tu ilichoelekezewa, na yaliyobaki kando huyafunika. Basi anayeishika hana budi kujiuliza kwanza: ninatafuta nini?

Pale Kaole swali halihitaji kutafutwa mbali. Bahari iko wapi? Huu ulikuwa mji wa biashara ya majahazi, lakini ukisimama magofuni huyaoni maji. Mbele yako upo msitu wa mikoko. Matope yalijikusanya ufukoni, mikoko ikaota, mizizi yake ikazidi kuyashika matope, hata bahari ikajitenga na mji na vyombo vikakosa pa kutia nanga.

Sasa wape wanafunzi wanne kamera moja. Mmoja aishike, mmoja aulize maswali, mmoja ahesabu hatua, na mmoja aandike. Waanze mlangoni mwa msikiti, watembee hadi penye mikoko bila kuikatiza picha, hatua zikihesabiwa kwa sauti. Wafikapo, na maji yakiwa yamekupwa, waituliza kamera dakika nzima mbele ya mizizi ya mkoko, bila kuisogeza. Dakika moja ya kutulia ni ndefu kwa kijana, lakini ndiyo itakayomwonyesha kaa akitoka shimoni mwake na matope yaliyonaswa mizizini.

Kisha wakae kivulini waitazame kazi yao. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Watagundua kwamba upepo umeimeza sauti ya mzee waliyemhoji. Watagundua kwamba hesabu yao ya hatua hailingani na ya kundi jingine. Pengine watagundua pia kwamba hapana hata mmoja aliyewauliza wanakijiji mikoko ile inawafaa nini. Basi wainuke, warudi, wakaulize tena. Daftari husahihishwa kesho yake darasani. Picha hizi humsahihisha mwanafunzi angali uwanjani.

Njia hii si ngeni nchini mwetu. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa pwani ya Mtwara waliitumia video kueleza madhara ya uvuvi wa baruti. Walisema mambo yao mbele ya kamera, wakajitazama, wakajadiliana, na picha zikaonyeshwa kwa viongozi. Nguvu yao haikutoka katika chombo peke yake, bali katika mazungumzo yaliyofuata.

Tena, adabu isisahauliwe. Kaole ni mahali pa makaburi, si uwanja wa michezo. Mwenyeji aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, na akitaka kujiona, aonyeshwe. Sura na maneno ni mali yake.

Wanakijiji wakiulizwa vizuri, watalifumbua jambo ambalo picha ya haraka haiwezi kulionyesha. Mikoko ile ile iliyoinyima Kaole bandari yake ndiyo inayoulinda ufuko usiliwe na mawimbi, na ndiyo mazalio ya samaki na kamba. Ikikatwa ovyo kwa ajili ya boriti na mkaa, hasara itafika hadi sufuriani mwako wewe uliyeko mjini. Mtoto atakayetambua kwamba mti mmoja umeweza kuuondolea mji riziki zamani na kuwapa watu riziki leo, huyo amesoma historia na sayansi kwa pamoja.

Nawe mzazi una sehemu yako. Jioni mtoto arudipo, usimwulize amepiga picha ngapi. Zima televisheni, mkae pamoja muitazame kazi yake, kisha umwulize mambo matatu: Ulikuwa unatafuta nini? Ni nani aliyekueleza? Na ni kitu gani kilichokuwapo lakini hakimo katika picha? Akikosa jibu la swali hilo la tatu, usimkaripie. Anza kuweka akiba ya nauli. Safari ya pili ya Kaole haitakuwa hasara.