Saa Nne na Dakika Kumi

Nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja hapa Karatu. Nikiingiza mgeni kwenye kompyuta, stoo wanaona, uhasibu wanaona, wahudumu wa vyumba wanaona. Jikoni hakukuwa na kompyuta, eti moshi utaiharibu. Mpishi, mzee tuliyemwita Babu, alipewa karatasi saa kumi na mbili jioni, basi.

Usiku mmoja niliongeza wageni wawili kwenye kundi la watano, nikaenda kulala. Alfajiri gari likaondoka kuwahi lango la Lodoare. Chini kreta, mita 600 kutoka ukingoni, hakuna duka wala mama ntilie. Mchana, pale Ngoitokitok penye viboko, dereva akagawa chakula: maboksi matano, watu saba.

Lawama zote kwa Babu. Akatwe mshahara!

“Mjukuu wangu, labda nilihesabu vibaya. Macho haya.”

Nikafungua kompyuta. Ilikuwa imetunza kila kitu: saa nne na dakika kumi usiku, na jina langu. Uhasibu wasingetazama huko, wao hutaka jumla tu. Nikachapa ukurasa ule, nikampelekea meneja, magoti yakigongana.

Kisha nikapita jikoni. Babu alikuwa anahesabu mayai. Hakuinua kichwa.