Tulitaka Ukimya, Hatukutafuta Chanzo



Juma hili tunawaandikia juu ya jambo ambalo wengi wenu mlilisikia kwa masikio yenu wenyewe, ingawa ni wachache waliojua lilivyokwisha. Ni habari za ule mvumo uliotusumbua kanisani kila kwaya ya vijana ilipopiga gitaa. Tunaziandika kwa sababu ndani yake mna kosa letu sisi paroko wenu. Kosa hilo tulilitenda hadharani. Ni haki basi tulikiri hadharani.

Kijana anayepiga gitaa, ambaye anasomea ufundi wa umeme, alikuwa ametengeneza kwa mikono yake pedali, yaani kile kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya. Ndani yake mlikuwa na transista mbili, rezista na kapasita chache, vyote vimepangwa katika kopo la siagi la plastiki. Aina aliyoichagua huitwa fazi, nayo huipa nyuzi sauti nene yenye mkwaruzo. Alikuwa akiiwasha katika wimbo wa mwisho tu, na kwa kiasi.

Fazi ina asili ya kuchekesha kidogo. Mjini Nashville nchini Marekani palirekodiwa wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotolewa mwaka 1961. Njia mojawapo ya mashine ya kuchanganyia sauti ilikuwa mbovu, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka likikoroma. Badala ya kulitupa koromeo hilo, waliliacha ndani ya wimbo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akabuni kifaa cha kulitoa kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kumbe kilichoanza kama hitilafu kilitafutiwa chanzo, kikaeleweka, kisha kikawa ala. Laiti tungalikumbuka hilo mapema!

Maana sisi hatukutafuta chanzo. Tulisikia mvumo mzito chini ya masomo na chini ya mahubiri, wazee wakaja kulalamika sakristia, nasi tukatazama sakafuni na kuliona kopo la siagi. Lilikuwa geni, lilikuwa la kienyeji, na mwenye nalo alikuwa kijana. Hukumu ikatoka hapo hapo. Mvumo ulisikika hata pedali ilipokuwa imezimwa, lakini hakuna aliyejali, kwa kuwa mkosaji alikwisha kupatikana. Tukamwita kijana mbele ya wanakwaya wenzake, tukamwambia: ama kelele ziwe zimekwisha Dominika ijayo, ama gitaa libaki nyumbani.

Dominika ikafika, na mvumo haukuwapo. Tulifurahi mno, hata tukamsifu katika matangazo, nanyi mkampigia makofi. Yeye aliinamisha kichwa. Tulidhani ni unyenyekevu.

Siku ya Jumanne alikuja mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi umeme mstaafu, kutazama feni iliyokuwa imeacha kuzunguka. Kwa mazoea ya kazi yake akafungua pia plagi za vyombo vya kwaya. Akatuita. Alikuwa ameshika mkononi plagi ya ile amplifaya.

“Baba Paroko, njoo utazame. Waya wa ethi umekatwa, na mkataji ameufunga tepu ili usionekane.”

Tulimwuliza kama ni jambo kubwa, maana vyombo vilikuwa vikifanya kazi vizuri. Akatueleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Waya ule wa kijani na njano hauna kazi siku njema. Kazi yake ni siku ile ambapo waya wenye moto, wa volti 230, utakatika ndani na kugusa bodi la chuma la amplifaya. Hapo ethi huupeleka umeme ardhini kwa nguvu, fyuzi ikaungua, na mtu akapona. Ethi ikiwa imekatwa, bodi hubaki na moto, na moto huo hupita katika waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi, na nyuzi zimo mikononi mwa mtu. Kilichobaki kuiunganisha amplifaya ile na ardhi kilikuwa wavu mwembamba unaozunguka waya wa sauti uendao kwenye spika za kanisa. Mtu angejikwaa akauchomoa, pasingebaki kinga yoyote.

Mzee hakuwa akitutisha bure. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani, mbele ya watu, aliposhika kipaza sauti ambacho hakikuwa na ethi. Nasi kijana wetu husimama hatua moja kutoka kipaza sauti.

Tukamwita. Hakukana. “Baba, ulisema Dominika kelele zisiwepo,” alijibu. “Nilitafuta nyumbani juma zima sikuona kosa kwenye pedali. Nikajua nikikata ethi mvumo utapungua. Nilijua ni hatari, lakini nilijua pia kwamba gitaa litaondoka.”

Wapendwa, tumesikia maneno mengi katika miaka ya upadri wetu, lakini hayo yalituondolea usingizi. Mkono uliokata waya ulikuwa wake. Agizo lililousukuma lilikuwa letu. Tulimdai ukimya, akatupa ukimya. Nasi tukausifu kwenye kipaza sauti.

Jumamosi tulikaa watatu kanisani: mzee, kijana na sisi. Mzee aliweka sheria moja tu, kwamba tubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, tusikilize, ndipo tuguse kingine. Kwanza akaurudisha waya wa ethi. Mvumo ukarudi, naye akasema, “Vema, sasa amesema kweli.” Pili akaiondoa pedali kabisa, gitaa likaingia moja kwa moja kwenye amplifaya. Mvumo ukabaki vile vile! Tatu akauchomoa waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Kimya.

Tulikumbuka hapo, kwa aibu, nani aliyeagiza waya ule ufungwe. Ni sisi, juma lile lile pedali ilipoletwa, ili gitaa lisikike hadi nje. Amplifaya ilikuwa na ethi yake kwenye soketi ya kwaya, na mashine ya sauti ilikuwa na ethi yake kwenye soketi ya sakristia. Waya wa sauti ukaziunganisha njia hizo mbili zikawa mzunguko mmoja, na mkondo mdogo ukapita humo ukitetemeka mara 50 kwa sekunde, kama umeme wetu unavyotetemeka. Dawa haikuwa kukata ethi. Tulileta waya mmoja wa ekstensheni, vyombo vyote viwili vikanywa kutoka soketi moja, na mvumo ukafifia hata usisikike kutoka benchi la kwanza. Baadaye mzee alifunga katika waya wa sauti transfoma ndogo, ambayo hupitisha sauti bila kuziunganisha zile njia mbili, na mvumo ukaisha.

Ndipo ikaja zamu ya pedali, kwa maana nayo haikuwa safi. Ilikuwa na mluzi mwembamba. Mzee akaitoa kwenye adapta, akaipa betri ya volti 9, na mluzi ukakoma. Basi mluzi ulikuwa wa adapta ya bei rahisi. Kijana akaweka rezista ya omu 100 katika njia ya umeme, na kapasita ya mikrofaradi 100 kutoka hapo hadi upande hasi, ili uchafu umezwe kabla ya kufika kwenye transista. Tulipokaribisha mkono kwenye kopo, pedali ilinguruma, kwa sababu plastiki haizuii kitu. Vitu vyote vikahamia katika kopo la bati la biskuti, na bati likaunganishwa na upande hasi wa saketi. Mlio wa kukatika-katika ulipatikana kwa kugonga kila kiungo kwa ncha ya penseli ya mti: kimoja kilikuwa kimefifia badala ya kung'aa, lehemu yake haikushika. Mwisho, kitasa kilipofunguliwa chote pedali ilipiga yowe, kwa kuwa waya wa kuingia na waya wa kutoka ulikuwa umesokotwa pamoja. Vikatenganishwa, yowe likaisha.

Ulibaki mnong'ono mdogo, kama upepo katika majani makavu. Tulitaka kuuondoa nao. Mzee akatucheka. Alisema kila rezista ina mnong'ono wake wa asili, na chombo kinachokuza sauti hukuza na mnong'ono huo. Utaupunguza kwa kupunguza ukuzaji, lakini ukitaka uishe kabisa, zima chombo. Tukanyamaza, maana tulijua sasa gharama ya kutaka ukimya kamili.

Tangu siku hiyo tunajiuliza ni mara ngapi tumefanya hivyo pasipo gitaa. Mzazi husema, “Nisisikie tena habari hiyo nyumbani,” na kweli hasikii tena. Mwalimu hutaka darasa tulivu, kiongozi wa jumuiya hutaka mkutano usio na manung'uniko. Wote hupata. Lakini hakuna anayefungua plagi kutazama ni waya gani uliokatwa ili ukimya huo upatikane. Kelele inaudhi, ni kweli. Hata hivyo inakuongoza hadi penye kosa, ukiwa na subira ya kuifuata.

Kwa kijana wetu tumekwisha kuomba radhi mbele ya kwaya, mahali pale pale tulipomhukumu. Dominika hii atapiga, na kopo lake la biskuti litakuwa miguuni pake. Mkisikia mnong'ono kidogo kabla ya wimbo wa mwisho, msije sakristia kulalamika.

Na nyumbani kwenu, tafadhalini, mwiteni fundi afungue plagi na kuhakikisha waya wa kijani na njano upo mahali pake.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu