Maji, Meno na Kipimo



Chumvi kidogo hutia mboga ladha. Chumvi nyingi huharibu chungu kizima. Jambo hili kila mpishi analijua. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kingine ambacho nacho kinataka kipimo. Hakionekani katika maji, wala hakina harufu. Jina lake ni floraidi.

Floraidi ni madini. Hupatikana katika mawe, hasa mawe yaliyotokana na milima ya moto. Maji yanapopita katika mawe hayo chini ya ardhi, huichukua. Ndiyo maana maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Hapa Tanzania tatizo hili limo katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Kenya na Ethiopia wanalo pia.

Mimi nimezaliwa chini ya Mlima Meru. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, tena yana vishimo vidogo vidogo. Nikienda mbali na kwetu, watu hudhani sipigi mswaki. Pengine nawe umeambiwa hivyo hivyo. Basi jua kwamba rangi hii si uchafu, wala si laana ya ukoo. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi, meno yake ya ukubwani huharibika yangali ndani ya ufizi. Yanapoota, huota na rangi yake. Mswaki hauwezi kuiondoa. Na kama floraidi ni nyingi sana, na mtu akanywa maji hayo miaka mingi, mifupa nayo huumia. Viungo hukakamaa na mgongo hupinda. Watoto wengine hupata matege.

Siku moja mwanakisomo aliniuliza hivi: "Mwalimu, nimesikia redioni kwamba Wamarekani wanatia floraidi katika maji yao kwa makusudi. Sisi tunaambiwa tuiondoe. Nani mwongo?"

Swali hili ni zuri. Jibu lake ni kwamba hakuna mwongo. Tofauti ni kipimo. Sikiliza historia yake.

Mwaka 1901 daktari wa meno aliyeitwa Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Aliona wenyeji wengi wana meno ya kahawia, kama sisi. Lakini aliona pia kwamba meno hayo hayaozi upesi. Alitafuta sababu kwa miaka mingi. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba sababu ni floraidi iliyomo katika maji. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ikiwa kama miligramu 1 katika lita 1 ya maji, meno huoza kidogo, na rangi ya kahawia ni nadra. Basi tarehe 25 Januari, 1945, mji wa Grand Rapids ulianza kutia floraidi katika maji yake ya bomba. Ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Miji mingi ikafuata.

Tangu wakati huo watu wanabishana. Wanaokubali husema: maji humfikia tajiri na maskini sawasawa. Mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kumlipa daktari naye hupata kinga. Wanaokataa husema: kumnywesha mtu dawa bila ridhaa yake si haki. Tena, huyu hunywa maji mengi na yule machache, kwa hiyo nani atajua kila mmoja amepata kiasi gani? Husema pia kwamba siku hizi dawa ya meno ya kupigia mswaki ina floraidi, na hiyo inatosha.

Mji wa Calgary, Kanada, uliacha kutia floraidi mwaka 2011. Mwaka 2021 wananchi walipiga kura, wengi wakataka irudishwe. Ikarudishwa mwaka 2025. Mwaka huo huo jimbo la Utah, Marekani, lilipiga marufuku kuitia katika maji ya wananchi. Mwaka 2024 taarifa ya serikali ya Marekani ilisema kwamba maji yenye floraidi inayozidi miligramu 1.5 katika lita 1 yanahusiana na kupungua kwa akili za watoto. Lakini juu ya miligramu 0.7, kipimo kilichopendekezwa nchini humo mwaka 2015, taarifa hiyo ilisema ushahidi hautoshi.

Ishike namba hiyo, 1.5. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 katika lita 1. Kiwango cha Tanzania leo ni hicho hicho. Ni kiasi gani? Chukua ndoo 50 za lita 20. Zote pamoja ni lita 1,000. Floraidi ya gramu 1 na nusu ikitiwa humo, kipimo kimefika. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina uzito unaozidi huo mara tatu. Utaona kwamba jambo hili halipimwi kwa macho wala kwa ulimi. Linapimwa kwa vyombo, na majibu huandikwa kwenye karatasi. Asiyejua kusoma atasomewa na mwingine. Wewe unaweza kuisoma mwenyewe.

Sasa tuje kwetu, kwa maana ubishi wetu ni mgumu kuliko wao. Kijiji kina mfereji wenye matope na vijidudu. Kinachimbiwa kisima kirefu. Maji yanatoka safi, yanametameta, lakini floraidi imezidi. Mtachagua lipi? Maji machafu huleta kuhara na kipindupindu, na mtoto anaweza kufa kwa siku chache. Floraidi huumiza polepole, lakini haisamehi. Nchi yetu yenyewe iliwahi kupambana na swali hili. Katika miaka ya 1970 kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliwekwa miligramu 8, kwa sababu kukataa kila kisima kilichozidi 1.5 kungewaacha wananchi wengi bila maji. Baadaye kikashushwa kuwa 4, na sasa 1.5.

Tulipolizungumza jambo hili darasani, mzee mmoja alisema: "Babu zetu waliyanywa maji haya wakazeeka." Mama mmoja akamjibu: "Ni kweli, baba. Walizeeka wakitembelea fimbo mbili." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Mimi nawaambia wanakisomo wangu hivi. Msikikatae kisima. Tenganisheni matumizi. Maji ya kisima yafue, yaogeshe, yanyweshe bustani. Maji ya kunywa na kupikia yatafutwe yenye floraidi kidogo. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Piga hesabu: watu 6, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 30. Kiangazi cha siku 90 kinataka lita 2,700. Tangi la lita 3,000 linatosha. Kama tangi ni ghali, maji hayo yawe kwanza ya watoto wadogo, maana meno yao ndiyo yanayoumbwa sasa.

Kumbuka na haya. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki pale pale na huzidi ukali. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa na kutengenezwa na wanaojua, huichuja. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Punguza. Lakini usitupe dawa ya meno. Mtoto mdogo apewe kiasi cha punje ya mchele, naye afundishwe kutema.

Wamarekani wanabishana kama waongeze. Sisi tunabishana tuondoe vipi. Lakini haki ni moja: anayekunywa maji aambiwe kilichomo, naye awe na sauti. Basi katika mkutano wa kijiji unaokuja, simama uulize: "Maji yetu yamepimwa lini? Karatasi ya majibu iko wapi?" Ikiletwa, isome kwa sauti, wote wasikie.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi?
2. Karatasi inaonyesha miligramu 3 katika lita 1. Imezidi kiwango mara ngapi?
3. Nyumba yenu ina watu wangapi? Mnahitaji lita ngapi za kunywa na kupikia kwa siku 90?
4. Je, ni haki kutia kitu katika maji ya watu wote ikiwa baadhi yao hawataki? Toa sababu zako.