Hela ya Msimu

Watu wakiniuliza kilichonileta Lindi hutarajia nitaje bahari. Kilichonileta ni kodi. Mbagala, Dar es Salaam, chumba kimoja kilidai kodi ya miezi sita mkononi. Lindi nilipata vyumba viwili na ua wenye mwembe kwa pesa pungufu, na bibi mwenye nyumba akapokea kodi ya mwezi mmoja bila kunikunjia uso.

Mimi ni fundi cherehani, na sare za shule ndizo zilizokuwa zikitulisha. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya corona. Zilipofunguliwa zote mwishoni mwa Juni, wazazi walikuwa hoi kama mimi, watoto wakarudi darasani na mashati ya mwaka uliopita yaliyowabana kwapani. Nikajikokota, nikahamisha kazi kwenye kibanda kando ya barabara ili nipunguze gharama. Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam tukaondolewa barabarani. Cherehani niliiokoa, meza na kibanda havikupona. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nina watoto wawili na deni la vitambaa. Jioni nilikuwa nakoroga uji na kuwaambia wanangu kwamba chakula kizito usiku kinaleta ndoto mbaya. Mkubwa alikuwa ameshajua, ila alinyamaza kwa adabu.

Jirani mmoja ambaye kwao ni Lindi ndiye aliyenifungua masikio. Tukapanda basi.

Nimezaliwa Kimamba, Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo mji uliokimbiwa na kazi naujua nikiuona. Lindi ilikuwa na mkonge wake pia, kama ule wa Kikwetu. Ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, hadi makao hayo yakahamishiwa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga wa Nachingwea, reli ilianza kujengwa kutokea Mkwaya, hapa jirani; kisha bandari kubwa ikapewa Mtwara, mpango wa karanga wenyewe ukafa 1951, na miaka ya sitini hata reli ikang'olewa. Baadaye vikajengwa viwanda vya kubangua korosho huku kusini, na vingi vikaishia kuwa maghala huku korosho zenyewe zikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Hata mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ilipita bandari hii kwenda Berlin na haijarudi. Unafuu wa kodi ya Lindi umetokana na hayo yote. Kazi zikiondoka, nyumba hubaki.

Ndiyo maana miezi ya mwanzo ilinitesa kuliko Mbagala. Wateja walikuja, wakapapasa mashono, wakasifu, wakaaga kwa heshima: "Nitapita malipo yakitoka, mama." Malipo gani? Nilikuwa nimezoea hela ya kila siku: funga zipu, punguza suruali, upate ya unga. Huku siku nzima ilipita bila zipu hata moja. Tulikula ming'oko, viazi vya porini, mpaka mdogo akaanza kuwataja wali na maharage kama jamaa waliosafiri. Samaki waliovushwa kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba, tuliwasikia kwa harufu.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyenipa darasa, tena akiwa amekalia kibaraza changu kunidai kodi. "Mwanangu, huku hela haiji kila siku. Ikija, inakuja yote."

Akanitajia kalenda. Ufuta unauzwa kwenye minada kuanzia katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, chama chao cha ushirika, unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, kisha anasubiri benki. Akilipwa, anaezeka nyumba, analipa madeni, na anawacheza watoto unyago. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Mwali akitoka unyagoni, ukoo mzima unataka kitenge kimoja: mama, mashangazi, somo, mabinamu waliotoka Nachingwea na Ruangwa. Oda moja ya sherehe ina magauni ambayo Mbagala ningeyashona kwa miezi. Na pesa ya korosho ikichelewa kidogo tu, inakutana na Januari, shule zinafunguliwa. Sare zangu zikarudi.

Nikabadili utaratibu. Mwenye ufuta ghalani namshonea kwa kianzio, salio mnada ukilipwa, jina naandika kwenye daftari na anaweka sahihi. Simkopeshi mtu kwa kutegemea mavuno yake yote ya msimu, kwa sababu wenyeji walinisimulia mwaka 2018, bei ya korosho ilipogomewa, Serikali ikaamuru jeshi kuzikusanya kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengine wakakaa muda mrefu bila kuona malipo. Wenye maduka waliokopesha bila kipimo walifunga.

Mei 2024 tukajaribiwa tena. Mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara upande wa Somanga, Kilwa. Kitambaa changu kilikuwa upande wa Dar, na njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Songea. Nilishonea vitenge vya mitumba na mabaki ya kabatini, nikafumua mashuka nikayafanya magauni ya watoto, na waliokuja kulalamika niliwapa kiti. Hapo nilishukuru kwamba deni la Mbagala nilikuwa nimelimaliza kwa korosho za msimu uliotangulia.

Siku hizi gumzo la mjini ni kiwanda cha gesi kinachopangwa kujengwa Likong'o, mradi unaokadiriwa kuzidi dola bilioni 40. Wapo waliokaa juu ya viwanja vyao wakisubiri, na wapo wenye nyumba wanaopandisha kodi kila waziri akipita. Bibi mwenye nyumba naye kapandisha, kidogo, akaniomba radhi na kunipa mabibo ya kuanika. Sijamlaumu, anazeeka na yeye ana wajukuu.

Wenzangu wa Mbagala wananipigia: chumba bei gani huko? Bei nawatajia. Kisha nawauliza wanauza nini, na kama wana akiba ya kuwafikisha mnada wa kwanza. Wengi hapo simu inakatika, sijui ni mtandao.