Kwaheri Koko, gari ya nyumbani kwetu Baraka

Mwezi huu tunaomba nafasi kidogo tuwaelezee habari ya gari. Wengine watacheka kwamba watu wanaopanga foleni ya maji wanalilia gari. Mucheke tu, ila musome mpaka mwisho.

Mmoja wetu anafundisha darasa la tatu hapa Nyarugusu. Siku moja aliwaambia wanafunzi kwamba kule Kongo nyumbani kwetu tulikuwa na gari. Mtoto mmoja aliyezaliwa hapahapa kambini akainua mkono: "Mwalimu, ilikuwa gari ya shirika gani?" Hatukumlaumu. Watoto hawa wanajua lori la chakula, gari nyeupe zenye bendera na basi la wanaorudi makwao. Gari ya baba ya mtu hawajaiona.

Yetu ilikuwa Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Kiwanda kilihesabu watu 7. Sisi tulipanda 12 na kuku. Tulimwita Koko, yaani bibi, kwa sababu umri wake ulimpita hata Mama. Babu alimnunua Uvira akiwa tayari amepita mikono miwili. Vita vilipofika mwaka 1996, Babu alifungua magurudumu yote manne akayafukia kwenye shamba la mihogo, na wenye bunduki wakaona ni chuma tu, wakapita. Baba naye alipenda kujisifu kwamba gari za namna hiyo zilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1975 na tena 1978. Maneno hayo aliyasema hasa tukiwa tumekwama kwenye tope.

Na tope tulilijua. Toka Baraka mpaka Uvira ni karibu kilomita 100, barabara ya taifa namba 5, ziwa mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto. Kiangazi tulitoka alfajiri, mchana tuko Uvira. Wakati wa mvua tuliweza kulala njiani, maana mito inashuka kutoka milimani kwa hasira, na Koko hakupenda maji. Akizimika, Baba anageuka: "Mushuke, musukume!" Hata Mama alishuka, kitenge amekifunga magotini. Tulipita michikichi, harufu ya mawese yanayochemshwa, ndagala zimeanikwa kando ya barabara ziking'aa kama bati jipya. Pale Makobola Baba alizima redio na kupunguza mwendo, kwa ajili ya watu waliouawa pale mwisho wa mwaka 1998. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, tulinyamaza wenyewe.

Toka 2015 tulianza kupita pia kando ya kambi ya Lusenda, ya ndugu zetu Warundi. Tulichungulia dirishani na kuona mahema, watoto wenye vidumu, akina mama wamekaa chini wakingoja. Tuliwahurumia, ndiyo, lakini huruma ya mtu aliye ndani ya gari, kilomita mbili mbele umeshasahau. Usiku mmoja tu Baba alisimama, akampakia mama wa Kirundi mwenye uchungu wa kuzaa, akamfikisha hospitali ya Nundu. Sisi watoto tulinung'unika kwa sababu tulishushwa kumpa nafasi. Leo tukikumbuka tunaona haya.

Januari 2018 mapigano yalifika karibu na kwetu. Safari ya mwisho ya Koko ilikuwa fupi sana, kutoka nyumbani mpaka mwaloni, hata muziki mmoja haukuisha. Alibeba magodoro, sufuria, Bibi mzaa mama na watoto wa jirani. Mwaloni watu walikuwa wanaitana gizani. Mwenye mtumbwi wa injini alitaka nauli tusiyokuwa nayo, basi Baba akafungua boneti akang'oa betri, akampa. Hakukuwa na muda wa kufukia magurudumu. Baba alifunga milango yote minne kwa ufunguo, kimoja kimoja, kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi jioni. Gari isiyo na betri! Tukavuka usiku kucha, na kesho yake tukaiona Kigoma.

Mzee mmoja jirani aliyebaki aliomba vijana wamsukumie Koko mpaka uani kwake. Alitutumia habari kila mara: magurudumu yameibiwa, kisha vioo, kisha kuku wanatagia kwenye kiti cha shoferi. Ufunguo ulikaa hapa kwetu kwenye msumari juu ya kitanda cha Baba.

Sasa mwezi uliopita mzee alipiga simu. Kuna wahunzi wananunua chuma wakatengeneze majembe na mbabula. Wanatoa dola 70. Auze?

Ndugu wasomaji, nyumba iligawanyika. Baba alisema kuuza Koko ni kusema haturudi. Mama akajibu kwamba chuma hakitungoji, kinaoza, na kwamba yeye atarudi hata kwa miguu, gari hamhusu. Sisi watoto wakubwa tulikuwa upande wa Mama, ila hatukuthubutu kusema kwa sauti. Siku mbili Baba hakuongea. Siku ya tatu alirudi kutoka bombani, akatua dumu, akasema, "Mwambieni akate." Kisha akaomba maji ya kunawa.

Tulikubaliana hivi: sehemu ya fedha ni ya mzee kwa kututunzia, na nyingine anunue saruji ya kaburi la Babu, ambalo mvua imeanza kulibomoa. Ameshanunua. Saruji imetosha, ila msalaba bado ni wa mti.

Ufunguo upo palepale kwenye msumari. Mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa hapa, aliuliza unafungua nini, na Baba akamweleza kwa saa nzima, mpaka kwenye 1975 na 1978.

Kitu kimoja mzee aliwakatalia wahunzi, kiti cha safu ya nyuma, kile cha kwetu watoto. Amekiweka barazani kwake Baraka, na anasema jioni wanakaa watatu, wakibanana wanne, wakiangalia ziwa.