Kipimo Pasipo Hakimu

Nimecheka sana na Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya taifa ya Kenya, KBC. Makokha au Ondiek huapa kusema kweli, kisha hudanganya. Mwendesha mashtaka huuliza swali moja dogo, na uongo hujikwaa wenyewe.

Hapa kwetu Basotu, gunia la mahindi linapojazwa lumbesa, hakuna wa kuuliza. Mkulima anayedaiwa ada ya mtoto hunyamaza, akauza. Mnunuzi hachekwi wala hahukumiwi.

Ndugu zangu, hapo ndipo imani yetu hupimwa. Mungu tuliyemwimbia Jumapili yupo mnadani pia, naye anakiona kipimo. Basi kabla gunia halijashonwa, tujiulize wenyewe: mahindi haya yangekuwa yangu, ningekubali?