Frigo Yetu na Bomba la Maji



Tangu dada yetu anayeishi Ubelgiji atutumie ile frigo kubwa ya milango miwili, kila anayeiona anauliza: mtaifunga lini kwenye bomba? Ni frigo inayotengeneza barafu yenyewe. Ikishika maji ya bomba, inajijaza, inagandisha, inaangusha vipande kwenye sanduku lake. Na mlangoni iko robine ndogo ya maji baridi. Kwa joto la hapa Uvira, na kwa sisi tunaouza maji baridi na barafu ili tupate minervali ya watoto, hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo tulikaa mara tatu kabla ya kukata neno. Tunawaeleza tuliyoyapima, kwa sababu frigo za namna hii zimeanza kuingia katika nyumba nyingine pia.

Kazi ya kufunga si ngumu. Fundi wa maji alituonyesha. Kwanza frigo inachomolewa kwenye umeme na bomba kuu linafungwa. Yanachukuliwa maji baridi tu. Mahali pa kuungia panawekwa robine yake peke yake, ili siku maji yakivuja mfunge hapo bila kukatia nyumba nzima. Msikubali kile kibanio kinachotoboa bomba: kinaziba upesi na kuvuja upesi. Mpira mwembamba wa milimita 6 unatosha, lakini uachiwe urefu nyuma ya frigo, ili siku ya kufagia muivute bila kuukata. Maji ya kwanza yamwagwe katika ndoo, na barafu ya siku ya kwanza itupwe.

Swali letu lilikuwa lingine: ni maji gani yataingia humo?

Sisi wa Uvira tunaijua kolera. Haitoki mbali na kando ya ziwa letu. Mafuriko ya Aprili 2020 yalitufundisha tena jinsi mabomba yanavyoweza kuharibika. Na hata bomba zima lina hatari yake: maji yakikatika, bomba hubaki tupu, na penye ufa linaweza kuvuta uchafu wa nje. Maji yakirudi, uchafu huo unakuja nayo.

Wengine walisema: frigo ina filtre. Ni kweli, ila filtre hiyo ni ya makala. Inaondoa harufu na ladha mbaya, pamoja na klore, ambayo ndiyo mlinzi wa maji. Haikutengenezwa kuua vijidudu. Wengine walisema baridi itaviua. Hapana. Baridi inavilaza, kipande kikiyeyuka katika kikombe cha mtoto, vingi vinaamka. Barafu haiwezi kuwa safi kuliko maji yaliyoitengeneza.

Mama mmoja akatoa wazo zuri: tuweke tanki juu ya nyumba, tutie humo maji yenye dawa, frigo inywe kutoka huko. Sisi walimu tukashika chaki. Kitabu cha frigo kinaomba nguvu ya maji ya bari 1,4. Kila metre 1 ya kimo inatoa karibu bari 0,1. Basi tanki lingehitaji kuwa metre 14 juu, na paa letu halifiki hata 4. Ingebaki kununua pompe, na pompe inataka umeme ambao hatuna kila saa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: frigo inafanya kazi, lakini haifungwi kwenye bomba. Kitengeneza-barafu tumekizima, kisijaribu bure kuvuta maji yasiyokuwepo. Tunachemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima, tunayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, tunayatia katika visahani na vifuko kwa mikono iliyonawa kwa sabuni.

Hatutawaficha: makala yanakula sehemu ya faida, na tunauza vifuko vichache kuliko tulivyotumaini. Mwenzetu mmoja alisema wanunuzi hawaulizi maji yametoka wapi. Ni kweli, hawaulizi. Lakini wengi wao ni watoto wanaotoka masomoni, wetu na wa jirani. Mtoto wa miaka saba hawezi kuuliza. Tunauliza kwa niaba yake.

Mama ambaye frigo yake imekwisha kufungwa, asiogope wala asikate mpira. Afunge ile robine kila maji yanapokatika. Yakirudi, ayaache kwanza yatiririke kwenye robine ya nje mpaka yawe meupe, kisha amwage barafu iliyokuwa ndani. Filtre ibadilishwe kila miezi 6. Na maji ya kunywa ya mtoto mchanga yaendelee kutoka kwenye sufuria iliyochemka, si kwenye mlango wa frigo.

Siku ya posho tutakuwa tukijaza vifuko tangu asubuhi. Mwenye sufuria kubwa aje nayo.